Jumapili Iliyoandikwa Ijumaa

Pale Mlali jua huchelewa kutokea, kwa sababu kwanza lazima lipande milima ya Uluguru. Kabla halijafika kileleni, Nasra alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kukoroga uji, na kumpa Bibi Mwamvita kidonge chake cha presha. Kazi ya kwanza aliikwepa siku mojamoja. Ya pili aliipenda, maana mkoroga uji ndiye mwonja uji. Ya tatu hakuifanyia mchezo hata kidogo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umeamka kweli, au bado unaota mchumba?"

Babu alikuwa amefariki zamani, lakini Bibi hakuacha kumtania mjukuu wake kuwa ni mke mwenzake, na Nasra naye hakuacha kujibu kwamba babu alimpenda yeye zaidi. Walicheka, uji ukanywewa, kidonge kikamezwa, kisha Nasra akavaa sare na kwenda shule. Alikuwa darasa la sita. Mama yake, Asia, alikuwa ameondoka tangu saa kumi na moja, matenga mawili ya nyanya yakiwa yamefungwa nyuma ya bodaboda, kwenda kuuza Mwembesongo mjini. Kwa kawaida alirudi mchana, amechoka hoi.

Bibi Mwamvita hakuwa mtu mdogo pale kijijini. Katika ukoo wao, ambao yeye aliuita lukolo kwa Kiluguru, yeye ndiye aliyekuwa daftari. Alijua shamba lipi lililimwa na nani, nani alimzaa nani, na mpaka unapita kwenye mgomba upi. Watu wazima wenye ndevu walikuja kumuuliza, akawajibu huku akichambua mchicha, wakaondoka wameridhika.

Lakini kwa mwaka mmoja sasa mambo yalikuwa yamebadilika. Alianza kwa kutia chumvi mara mbili kwenye mboga. Halafu akawa anamwita Nasra kwa jina la dada yake aliyekufa. Siku hizi, kila ikikaribia saa kumi jioni, alikuwa akitungua kikapu chake ukutani, akitia ndizi za kuchemsha, na kusema anakwenda shamba la juu kumpelekea mama yake chakula. Mama yake Bibi alikufa kabla Asia hajazaliwa. Kila mara Nasra alimshika mkono taratibu, akamwambia, "Kesho, Bibi, leo tumechelewa," akamrudisha mkekani. Jambo hilo hakumwambia mtu yeyote, hata mama yake.

Alikuwa na sababu. Siku ya Idi, Mjomba Mansuri, kaka yake Asia, alikuja kutoka Dakawa anakolima mpunga. Alimsikia Bibi akiuliza swali moja mara nne. Wakati wa kuaga alisema mlangoni, "Asia, mama akizidi hivi namchukua Dakawa. Wewe uko peke yako, huwezi." Kwa Waluguru, neno la mjomba si neno la kupita njia. Nasra alilisikia akiwa jikoni, na hamu yote ya pilau ikamwisha. Nyumba bila Bibi hakuweza hata kuifikiria. Tangu siku hiyo akawa mlinzi wa siri ya Bibi.

Mwezi wa nane alikuja mgeni, mwanamke mrefu mwenye viatu vilivyojaa vumbi na begi zito begani. Alimwamkia Bibi, akaketi kwenye kigoda, akajitambulisha.

"Naitwa Daktari Hosiana. Ni mtafiti wa ubongo. Ninachunguza ugonjwa wa kusahau unaowapata wazee, unaoitwa Alzeima."

Nasra hakuweza kujizuia. "Daktari, kumbe hata kusahau kunasomewa?"

"Nasra!" Asia alimkemea, lakini mgeni alicheka.

"Kunasomewa sana. Ila mimi sikuanzia huko. Nilianza kwa kupiga picha."

Akaeleza. Alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi kwenye shamba la miwa, ambako baba yake alikuwa fundi wa mitambo ya kiwanda cha sukari. Alipomaliza kidato cha sita alisomea kupiga picha za eksirei. "Nilipiga mifupa mingi iliyovunjwa na bodaboda," alisema, "mpaka nikazijua kona mbaya zote za mkoa huu bila kuzipita." Baadaye ikaja mashine kubwa inayopiga picha za ndani ya kichwa, akajifunza hiyo pia. Alikuwa hodari, na aliringa kidogo, alikiri mwenyewe.

Kisha akatoa kwenye begi karatasi nyeusi ya plastiki, akainyanyua kwenye mwanga wa mlango. Ndani yake palikuwa na maumbo meupe ya mviringo.

"Hiki ni kichwa cha baba yangu. Nilimpiga picha mwenyewe. Alikuwa ameanza kupotea njia ya kutoka kiwandani, njia aliyoipita miaka thelathini. Nikatazama picha pamoja na daktari wetu, tukaona ubongo umepungua kidogo, kama wa wazee wengi. Nikamwambia mama yangu, Baba ni mzima, huo ni uzee tu. Mama akaniangalia, akasema: 'Hosiana, picha yako imemtazama baba yako dakika tano. Mimi nimemtazama miaka arobaini. Baba yako si mzima.'"

"Na nani alisema kweli?" Nasra aliuliza.

"Mama. Baada ya miaka miwili Baba hakunijua hata mimi." Daktari Hosiana alikunja midomo, akarudisha picha begini. "Ndipo nikarudi darasani, mtu mzima mwenye mvi mbili. Nikajifunza jinsi chembe za ubongo zinavyokufa kidogokidogo, na kwa nini mambo ya jana hutangulia kupotea na ya utotoni hubaki. Picha bado nazipenda. Lakini picha inaonyesha ubongo umekaaje, haionyeshi siku ya mtu imekwendaje. Siku ya mtu anaijua anayekaa naye."

Kwa hiyo kila nyumba iliyokubali ilipewa daftari. Kila jioni yajibiwe maswali matatu: Mzee amesahau nini? Amekwenda wapi? Amekunywa dawa saa ngapi?

Bibi alipoulizwa kama anaridhia, alijibu, "Niandikeni. Nimeandikwa kwenye sensa, daftari litanishinda?"

"Anayekaa naye zaidi ni nani?" Daktari aliuliza, na Asia akamwonyesha Nasra.

Jioni ya kwanza Nasra aliandika: "Bibi amesahau jina langu mara mbili. Alitaka kwenda..." Hapo akamkumbuka Mjomba. Akachukua ufutio, akafuta mpaka karatasi ikakaribia kutoboka, akaandika juu yake: "Bibi mzima. Ameshinda nyumbani salama. Hakusahau kitu. Dawa saa 12 asubuhi."

Uongo ule wa kwanza ulimchukua nusu saa na kumtoa jasho. Wa pili ulichukua dakika tano. Ilipofika wiki ya tatu ulikuwa umeshakuwa mwepesi kiasi kwamba Ijumaa moja, wakati wa mapumziko, alikaa nyuma ya darasa akaandika siku tatu kwa mkupuo mmoja. Rafiki yake Jesca alichungulia begani kwake.

"Nasra, leo si Ijumaa?"

"Ijumaa, ndiyo."

"Mbona umeandika mpaka Jumapili?"

"Jumapili tuna mchezo wa rede, sitapata nafasi. Na siku zake zote ni hizihizi."

Jesca alitikisa kichwa. "Shauri yako. Mimi niliandika mvua ya kesho kwenye chati ya hali ya hewa, mwalimu akanimwagilisha bustani wiki nzima."

Nasra alicheka, akafunga daftari.

Jumamosi Daktari Hosiana alikuja kumpima Bibi kumbukumbu. Asia alikuwa Mwembesongo. Bibi aliketi mkekani, Daktari mbele yake, na Nasra akajisogeza akasimama nyuma ya Daktari, mahali ambapo Bibi peke yake aliweza kumwona.

"Bibi, huu ni mwezi wa ngapi?"

Bibi alikunja uso. Nasra akanyanyua vidole vinane.

"Wa nane," Bibi alisema, macho yakicheka.

"Nilikutajia maneno matatu muda si mrefu. Unayakumbuka?"

Nasra akakoroga hewa kama anayesonga ugali. Akaweka vidole viwili kichwani kama pembe. Akajifanya anamenya ndizi. Na Bibi, aliyependa mchezo kuliko kitu chochote, akajibu moja baada ya jingine: mwiko, mbuzi, ndizi.

Daktari aliandika kwa muda mrefu. "Bibi anakumbuka kuliko mimi," alisema polepole. "Daftari nitalifuata Jumatatu. Kwa hali hii hakuna haja ya vipimo vya mjini." Alipoondoka, Bibi na Nasra waligonganisha viganja. Nasra alifurahi, lakini furaha yenyewe haikutulia, na chakula cha mchana hakukimaliza.

Jumapili Mjomba Mansuri alifika na nusu gunia la mchele. Alimsalimia mama yake, kisha akatoka kwenda kuwaona jamaa. Asia alikuwa amekwenda kusaidia kupika kwenye harusi nyumba ya tatu. Saa tisa na nusu Jesca alipiga mluzi nje. Nasra alimtazama Bibi, aliyekuwa akisinzia mkekani, akajiambia: dakika kumi tu.

Rede haina dakika kumi. Aliporudi, mkeka ulikuwa mtupu, na kikapu hakikuwapo kwenye msumari wake.

Alizunguka nyumba akiita. Akachungulia chooni, akachungulia kwa jirani, kisha akakimbia kumwita mama yake. Muda mfupi baadaye uwanja ulikuwa umejaa watu. Mmoja alisema ajuza hawezi kufika mbali, mwingine alisema atazamwe barabara ya mjini kwa sababu ya magari, mwingine mtoni. Kila mtu alinyoosha kidole upande wake. Nasra aliificha mikono yake nyuma ya mgongo.

"Subirini," Mjomba alisema. Alikuwa ameliona daftari juu ya meza. "Asia, hili si ndilo la daktari? Linaandikwa anapokwenda. Tuone huwa anaelekea wapi." Akafungua ukurasa wa mwisho, akasoma kwa sauti: "'Jumapili. Bibi mzima. Ameshinda nyumbani salama. Hakusahau kitu.'"

Akautazama mkeka mtupu. Akalitazama tena daftari.

"Nasra. Jumapili hii ni ipi?"

Watu wote walimgeukia. Nasra alitamani ardhi ipasuke. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, lakini aliona pia kwamba jua limeshaanza kushuka, na kwamba hakuna mwingine pale anayejua.

"Ni uongo, Mjomba," alisema, machozi yakimtiririka. "Niliandika Ijumaa. Yote ni uongo. Kila jioni anachukua kikapu, anasema anampelekea mama yake chakula shamba la juu. Mimi huwa namrudisha. Leo nilikwenda kucheza."

Mjomba hakugomba. Alilitupa daftari mezani, akashika njia ya mlimani mbio, Asia na Nasra wakimfuata. Walipanda kupita mashamba ya nyanya, wakapita migomba, na walipofika kwenye kijito kilicho chini ya shamba la juu wakamwona. Bibi Mwamvita alikuwa ameketi juu ya jiwe, miguu ndani ya maji, kandambili moja imechukuliwa na maji, kikapu amekipakata. Alikuwa akitetemeka na hakuweza kusimama.

"Mbona mmechelewa?" aliuliza. "Mama ana njaa."

Mjomba Mansuri alichuchumaa, akampa mgongo. "Panda, mama. Twende nyumbani." Walipokaribia nyumbani aligeuka akamwambia Nasra: "Ungenyamaza saa moja zaidi, giza na baridi vingetutangulia kwake." Nasra, aliyekuwa amebeba kikapu, alilia kwa sauti.

Jumatatu Daktari Hosiana alipokuja alikuta familia nzima uwanjani. Nasra alisimama bila kusubiri kuitwa. Akaeleza habari ya ufutio, ya Ijumaa, na ya vidole alivyonyanyua nyuma ya mgongo wa Daktari. Akaeleza na sababu: hakutaka Bibi apelekwe Dakawa.

Mjomba Mansuri alishusha kichwa. "Kumbe ni mimi," alisema.

Daktari alimsogezea kigoda. "Kaa, Nasra. Siku ile ya kwanza sikukueleza yote kuhusu kazi yangu. Mwaka wangu wa kwanza wa kupiga picha, alikuja mama mmoja aliyeanguka kwenye mti. Nilipompiga picha ya kichwa alitikisika, ikatoka na ukungu. Foleni ilikuwa ndefu na mimi nilitaka kuonekana hodari. Badala ya kurudia, nikaandika: 'Picha nzuri.' Daktari akaisoma akiamini neno langu, hakuona kitu, akamruhusu. Baada ya siku nne alirudishwa amebebwa. Damu ilikuwa ikivuja ndani ya kichwa muda wote huo."

"Alikufa?"

"Alipona, lakini mkono mmoja haukurudi sawasawa. Nilikwenda kumwambia ukweli mimi mwenyewe. Nilidhani nitafukuzwa kazi. Sikufukuzwa, ila adhabu niliipata, na niliistahili." Alimtazama Nasra machoni. "Mashine ya mamilioni haina faida ikiwa aliyeandika chini yake ameandika uongo. Daftari lako na picha zangu ni kitu kimoja."

"Basi nipe jingine, Daktari," Nasra alisema. "Nitaandika kweli."

Alipewa. Na safari hii Asia ndiye aliyelipitia kila usiku kabla ya kulala. Nasra aliandika kila kitu, cha kuchekesha na cha kuumiza. Bibi amemwita jogoo kwa jina la mwenyekiti wa kijiji. Bibi ameuliza Babu yuko wapi, kisha amelia. Bibi ameomba dawa mchana akisema hajanywa, amejichukulia mwenyewe kopo, amemeza tena.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyomfanya Daktari Hosiana asimamishe kalamu wiki tatu baadaye. Akarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, akiweka alama. "Tazameni," aliwaambia. "Siku alizomeza kidonge mara mbili ndizo siku alizopata kizunguzungu na kuchanganyikiwa zaidi. Presha inashuka mno, ubongo unakosa damu ya kutosha. Hili picha isingeniambia kamwe."

Kopo la vidonge likahamia kwenye sanduku la Asia, na ufunguo shingoni mwake. Bibi alipelekwa mjini kwa vipimo, Mjomba akimshika mkono, na picha ya kichwa chake ikapigwa. Majibu yalipokuja Daktari aliyaeleza bila kuzunguka. Kizunguzungu kilikuwa cha dawa, nacho kimekwisha. Lakini kusahau kwenyewe kulikuwa kwa Alzeima, na ugonjwa huo bado haujapata dawa ya kuuondoa.

"Kwa hiyo nimchukue?" Mjomba aliuliza. Nasra alishika ukingo wa kigoda.

"Kaka Mansuri, siku ile alipopotea mlimkuta kwenye njia ya shamba la mama yake. Angekuwa Dakawa mngemtafuta wapi, na mifereji yote ile ya mpunga? Mtu anayesahau asiondolewe mahali ambapo miguu yake bado inapakumbuka. Aachwe hapa, ila asiachwe peke yake."

Mjomba alifikiri kwa muda mrefu, kama afanyavyo mtu ambaye neno lake likitoka halirudi. "Mama atakaa hapa," alisema. "Mimi nitakuja kila Ijumaa, nilale mpaka Jumapili. Na Nasra atacheza rede yake bila wasiwasi." Nasra alimkumbatia mjomba wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na Mjomba hakujua aweke wapi mikono.

"Umeona, Nasra," Daktari Hosiana alisema akifunga begi lake. "Ulificha ukweli ukiogopa kumkosa Bibi, na uongo ndio uliokaribia kumchukua. Ukweli ndio uliombakiza hapa. Anayempenda mgonjwa hasemi kwamba ni mzima. Husema anaumwa wapi, ili asaidiwe. Wahenga walisema, mficha maradhi..."

"...kifo humuumbua," Bibi Mwamvita alimalizia kutoka mkekani, bila kusita hata kidogo, na wote wakacheka.

Jioni hiyo saa kumi ilipofika, Bibi alitungua kikapu. Nasra hakumrudisha. Alimshika mkono, wakatembea pamoja hadi kwenye mgomba wa kwanza, wakakaa wakala ndizi, wakarudi. Nyumbani Nasra alifungua daftari gotini. Bibi alimtazama sana, macho yakimzunguka usoni kama anayetafuta kitu.

"Binti, jina lako nani vile?"

Nasra alimsogelea. "Nasra, Bibi. Mke mwenzako."

"Ahaa." Bibi alitabasamu, akaligusa daftari kwa kidole. "Basi andika. Andika leo nimesahau jina lako. Usinifiche."

Nasra alifuta machozi kwa kiganja, akaandika.

"Umeandika?"

"Nimeandika, Bibi."

"Andika na zile ndizi," alisema Bibi Mwamvita. "Zilikuwa tamu."